"Tuko kwa Mhindi": Historia ya Meza Moja Mjini Arusha

Mwezi uliopita, baada ya semina iliyomalizika jioni, niliongozana na wanafunzi wanne hadi kwenye hoteli ndogo ya vyakula vya Kihindi iliyo hatua chache kutoka Soko Kuu la Arusha. Ni hoteli ya meza saba, viti vya plastiki na kalenda ya duka la vipuri ukutani. Mvua ilikuwa imeanza kuteremka kutoka Meru. Tukiwa tunasubiri chapati na mchuzi wa dengu, mwanafunzi mmoja alipigiwa simu na mwenzake aliyechelewa. Akamjibu kwa sauti: "Njoo, tuko kwa Mhindi."

Mzee aliyekaa kwenye meza ya malipo akanyanyua macho. Kijana akaona haya, akamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani, mzee, kwenu hasa ni wapi?"

"Levolosi."

"Hapana, mzee, namaanisha kwa asili."

"Mimi nimezaliwa Levolosi. Baba yangu naye kazaliwa hapa hapa mjini. Wewe je, kwenu wapi?"

"Shinyanga, mzee."

"Arusha umefika lini?"

"Mwaka juzi."

"Basi karibu Arusha, mgeni."

Tulicheka sote, na mzee alicheka kuliko sisi. Lakini mwanafunzi mwingine, binti makini anayesoma zaidi ya anavyoagizwa, hakuridhika. Alisema: "Mwalimu, utani ni utani. Lakini historia inasema hawa walikuwa tabaka la kati la ukoloni. Walitunyonya." Mjadala uliofuata ulidumu mpaka hoteli ilipofungwa, nami niliahidi kuujibu kwa maandishi. Ahadi ni deni, na haya ndiyo malipo yake.

Hoja yangu ni kwamba swali la "kwenu wapi" limetumika kwa zaidi ya miaka mia moja kuficha maswali mengine matatu: nani anamiliki, nani anafanya kazi, na kwa masharti gani. Ushahidi wa hoja hiyo ulikuwa mbele yetu usiku ule, kwenye meza, kwenye kuta na jikoni.

Tuanze na fedha tuliyolipia. Neno "pesa" limetufikia kutoka Bara Hindi, kama yalivyotufikia maneno "gari", "laki", "gunia" na "achari". Halikuletwa na wenye maduka peke yao. Wajerumani walipomaliza kujenga boma la Arusha mwaka 1900, kwa kazi ya shuruti ya Waarusha na Wameru waliokuwa wameshindwa vitani muda mfupi kabla, sarafu ya koloni lao ilikuwa rupia. Rupia moja ilikuwa na pesa 64, mpaka mageuzi ya mwaka 1904 yalipoigawanya katika heller 100. Kodi ya nyumba iliyoanzishwa mwaka 1898 ilidaiwa kwa fedha hiyo. Mkulima wa mteremkoni mwa Meru, aliyekuwa na ndizi, maziwa na mahindi ya kumtosha, alilazimika kutafuta rupia kwa kuuza mazao, ngozi au nguvu zake. Duka lililofunguliwa karibu na boma ndipo mahali pa kuipata na pa kuitumia. Shilingi iliingia mwaka 1921, chini ya Waingereza, lakini mfumo ulikuwa umekwisha kusimama: dola ilidai kodi, na duka likageuza mazao kuwa fedha ya kuilipa.

Hapa kuna kosa moja ambalo hata wasomi wetu hulirudia. Husemwa kwamba Wahindi wa Afrika Mashariki ni wajukuu wa vibarua wa Reli ya Uganda. Reli ile, iliyojengwa kati ya mwaka 1896 na 1901, ilileta vibarua wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi. Wapatao 2,500 walipoteza maisha yao, na karibu 6,700 ndio waliobaki baada ya kazi kwisha. Wengine walirudi kwao. Sehemu kubwa ya familia za wafanyabiashara zilitoka Gujarat na Kachchh, kwa njia ya jahazi na meli, kufuata biashara iliyokuwapo Zanzibar na Bagamoyo kabla ya mkoloni hajapiga hema. Sewa Haji, aliyefariki mwaka 1897, alikuwa akiuzia misafara bidhaa kutoka Bagamoyo. Allidina Visram alieneza maduka yake hadi Uganda. Reli ya Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, na hatimaye Arusha mwaka 1929, duka lilifuata njia hiyo.

Je, walinyonya? Binti yule ana haki ya kuuliza, na jibu la kweli ni kwamba biashara ya kikoloni ilikuwa ya kinyonyaji katika mpangilio wake. Lakini tuuangalie mpangilio wenyewe. Tangu miaka ya 1920 Tanganyika ilikuwa na sheria ya kuzuia mikopo kwa wale walioitwa "wenyeji": deni la Mwafrika kwa mfanyabiashara asiye Mwafrika halikuweza kudaiwa mahakamani bila idhini ya mtawala. Ilielezwa kwamba inamlinda Mwafrika dhidi ya madeni. Matokeo yake ni kwamba Mmeru mwenye kahawa yake, akitaka kufungua duka, hakuna mwenye ghala ambaye angethubutu kumpa bidhaa kwa mkopo. Mwenye duka wa Kihindi alikopeshwa na ndugu na jamaa wa dhehebu lake. Basi pengo tulilokuja kulieleza kwa tabia za watu, kwamba huyu anajua biashara na yule hajui, lilichorwa kwanza na kalamu ya sheria.

Ardhi nayo ilichorwa kwa kalamu hiyo hiyo. Mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki ili kuwapisha wafugaji wa Kizungu. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kulalamika mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, kwa nauli iliyochangwa na wanavijiji. Mpangilio wa enzi hiyo ulikuwa na ngazi tatu: shamba la Mzungu, duka la Mhindi, jasho la Mwafrika. Miji ilijengwa hivyo hivyo, na majina ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini yangali hai katika miji yetu. Aliyeweka ngazi hizo alikuwa juu kabisa, na alifaidika kila mara walio chini yake walipotazamana kwa chuki.

Harakati za uhuru zililazimika kuamua zifanye nini na ngazi hizo. Mwaka 1958 Waingereza walileta uchaguzi wa kura tatu, ambamo kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958, TANU ilikubali kushiriki baada ya mabishano makali. Zuberi Mtemvu alijitoa na kuunda African National Congress, kwa msimamo kwamba Afrika ni ya Waafrika. Katika Jimbo la Kaskazini, ambalo Arusha ilikuwa ndani yake, mmoja wa walioshinda kwa kuungwa mkono na TANU alikuwa Sophia Mustafa, mwanamke aliyezaliwa India mwaka 1922. Aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria kwa kura za Wameru, Wachaga na Waarusha, na mwaka 1961 akachapisha kitabu juu ya njia ya Tanganyika kuelekea uhuru. Ni wanafunzi wangapi wa Arusha leo wanalijua jina lake? Katika darasa langu hakuna aliyenyosha mkono.

Mwaka huo huo wa 1961, mwezi Oktoba, bunge lilijadili muswada wa uraia. Baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika kwanza. Mwalimu Nyerere alikataa, akatamka kwamba serikali yake ingejiuzulu kuliko kujenga uraia juu ya rangi ya ngozi. Alishinda. Mzee wa Levolosi ni raia kwa sheria iliyopatikana kwa vita hiyo. Mtu anapomwita mgeni, anaufungua upya mjadala ambao taifa liliufunga kabla hata bendera haijapandishwa.

Sasa tuangalie kuta. Hoteli ile iko chini ya jengo la ghorofa moja, lenye mwaka 1955 uliochongwa kwenye saruji juu ya mlango. Mzee alituambia kwamba lilijengwa na baba yake. Familia iliishi juu, na vyumba vya chini vilipangishwa. Leo yeye ni mpangaji katika nyumba aliyokulia. Ilikuwaje?

Azimio la Arusha lilipitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU mjini hapa mwishoni mwa Januari 1967, na kutangazwa tarehe 5 Februari. Ukumbi wake leo ni makumbusho, na kutoka hotelini unafika kwa miguu. Siku tisa baada ya kutangazwa, Mwalimu alichapisha makala akionya kwamba ujamaa na ubaguzi wa rangi haviwezi kukaa pamoja: adui ni unyonyaji, na mnyonyaji hatambuliwi kwa rangi. Mwezi Aprili 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo. Jengo lolote lenye thamani inayozidi shilingi 100,000, lililopangishwa lote au sehemu yake, lilichukuliwa na serikali na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Jengo lililokuwa na umri unaozidi miaka kumi halikulipiwa fidia. La mwaka 1955 lilikuwa na miaka kumi na sita.

Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba msingi wa sheria ile ulikuwa na hoja. Katika nchi ambayo watu wengi walilala kwenye vyumba vya udongo, kuvuna kodi ya pango kutoka maghorofa ya mjini kulikuwa ni mrija, na Azimio lilikusudia kukata mirija. Kigezo kilikuwa mali, wala si rangi. Tofauti hiyo si ndogo. Mwaka uliofuata, Agosti 1972, Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, na Mwalimu akamlaani hadharani kwa ubaguzi. Lakini historia ya nia haitoshi, na sisi tunaoipenda siasa ya Azimio tunapaswa kukiri mambo mawili. La kwanza, kwa kuwa ukoloni ulikuwa umewapanga Waasia kwenye biashara na majengo ya mjini, sheria isiyotaja rangi iliwaangukia wao zaidi. Hata aliyemiliki jengo moja tu, akaishi ndani yake, alihesabiwa pamoja na wenye mitaa mizima. Ndugu watatu wa mzee huyu walihamia Kanada. Yeye alibaki. La pili, majengo yaliyotwaliwa hayakuwa ya wavujajasho. Msajili wa Majumba aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990, na kwa miaka mingi wapo waliopata vyumba hivyo kwa kodi nafuu kwa sababu ya kujuana, kisha wakavipangisha kwa wengine kwa bei ya soko. Mrija ulibadilishwa mnyonyaji, na walio chini wakabaki walipokuwa.

Yaliyofuata wazazi wetu wanayakumbuka. Ilikuja Operesheni Maduka ya mwaka 1976, ambapo maduka ya watu binafsi yalifungwa vijijini kabla ya maduka ya ushirika kuwa tayari. Vikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi mwaka 1983, vilivyoongozwa na mtoto wa Monduli, Edward Sokoine. Katika miaka hiyo ya uhaba, unga wa ngano na mafuta ya kula vilikuwa bidhaa za kupangia foleni, na chapati ikawa kitu cha Idi na Krismasi. Kisha soko likafunguliwa, matajiri wa rangi zote wakaneemeka, na mwaka 1993 neno "magabacholi" likapigiwa makofi katika mikutano ya hadhara Dar es Salaam. Si kwa bahati mbaya kwamba kelele za uzawa zilipanda wakati ule ule mashirika ya umma yalipokuwa yakijiandaa kuuzwa. Wengi waliozipiga walitaka kuketi kwenye kiti cha mnyonyaji, si kukiondoa.

Kuna jambo jingine mezani linalotuonyesha mwisho wa njia ya uzawa, nalo ni unga. Chapati yetu ni ya ngano. Katika miaka ya 1970, ili taifa lijitosheleze kwa ngano, shirika la umma la NAFCO lilianzisha mashamba makubwa katika nyanda za Hanang, wakati huo zikiwa ndani ya Mkoa wa Arusha, kwa msaada wa Kanada. Ardhi iliyotwaliwa ilifikia takribani ekari 100,000, na ilikuwa malisho bora na makaburi ya wazee wa Wabarabaig. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa haki, lakini katika rufani, kwa hukumu iliyoripotiwa mwaka 1985, walishindwa. Miongoni mwa sababu ni kwamba hawakuwa wamethibitisha kuwa wao ni "wenyeji" kwa maana ya sheria.

Tafakari hilo, ndugu msomaji. Wafugaji waliozikwa na kuzaliwa Hanang kabla ya Mjerumani walitakiwa kuthibitisha uenyeji wao mbele ya shirika la serikali ya Waafrika. Kipimo cha uzawa, ukishakiweka mezani, kitamfikia kila asiye na nguvu. Anayekishika leo ili kumpimia mzee wa Levolosi asishangae kesho akipimwa nacho mtu wa Loliondo, au yeye mwenyewe.

Mwisho niwapeleke jikoni, ambako niliomba kwenda kunawa mikono. Nilimkuta mama wa makamo kutoka Poli, Meru, akisukuma chapati kwa kasi ya mtu asiyehitaji tena kuzitazama. Amepika hapo kwa miaka 26. Nilimuuliza nani alimfundisha. "Marehemu mama yake mzee," alisema. "Sasa mimi ndiye ninayemfundisha mkwewe." Alicheka akaongeza kwamba wageni wa mzee wakija kutoka Gujarat husema hii siyo chapati, kwa sababu chapati ya kwao ni nyembamba, haikunjwi wala haitiwi mafuta ya tabaka. Hii ya kwetu inakaribiana na ile wanayoiita parotha. Basi chakula tunachokiita cha Kihindi kimepikwa na Mmeru, kwa namna ambayo India hawaitambui kwa jina hilo. Mama lishe wa Unga Limited anaipika vivyo hivyo asubuhi na haulizwi asili yake. Tulikwisha kuipa chapati uraia bila maswali.

Nikamuuliza kama ana mkataba. Akanitazama kama niliyesema jambo la aibu. "Mkataba wa nini, mwalimu? Sisi hapa ni kama ndugu."

Hapo ndipo ilipo siasa yote ya hoteli ile. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi, na sheria ya hifadhi ya jamii inataka michango ipelekwe NSSF. Mama huyu, kwa miaka 26, hana hata kimoja. Undugu anaouzungumzia si uongo, kwa maana alimuuguza mama wa mzee mpaka siku ya mwisho. Lakini undugu hautamlipa pensheni akishindwa kusimama. Na kabla mtu hajasema "unaona Wahindi hao", avuke barabara. Upande wa pili kuna hoteli ya mzawa, yenye nyama choma na loshoro nzuri. Niliuliza huko pia. Wahudumu sita, mkataba hakuna.

Kwa hiyo, kwa binti aliyenitaka nijibu: ndiyo, unyonyaji upo, uliusoma vizuri. Ila ulikosea mahali pa kuutazama. Ulikuwa ukitazama uso wa mzee, nao ulikuwa jikoni, kwenye mkataba usiokuwapo, kama ulivyo pia kwenye kila jiko la mtaa ule. Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, hasa maofisa wa kazi wa mkoa wetu, ombi langu ni kwamba mkikagua hoteli, msiishie kwenye leseni na risiti za mashine. Ingieni jikoni.

Tulipokuwa tukilipa, nilimweleza mzee kwa upole habari ya mkataba wa mama yule. Hakukasirika. Alihesabu chenji polepole, akanirudishia, akasema: "Maneno yako ni ya haki, mwalimu. Nitalishughulikia kabla ya mwisho wa mwezi. Lakini na mimi nikuulize. Hao wanaofagia madarasa yenu huko chuoni, wanaokuja saa kumi na moja alfajiri, wao wana mikataba?"

Wanafunzi wote wanne walinigeukia. Sikuwa na jibu. Tangu siku ile nimeanza kuuliza.